Mahakama ya wazi na jina la mshtakiwa: mizani ya haki iko wapi?

MSHTAKIWA anapopandishwa kizimbani kwa mara ya kwanza, shughuli nzima haichukui muda mrefu. Karani humsomea mashtaka, hakimu humwuliza iwapo anakiri au anakanusha, wakili wake huomba aachiliwe kwa dhamana, kisha tarehe ya kesi kutajwa hutolewa. Kufikia hapo hakuna shahidi hata mmoja aliyesikizwa. Lakini ni katika dakika hizo chache ambapo mwandishi wa habari huandika jina, umri, kazi na kosa linalodaiwa, na mpigapicha hupata picha ambayo huenda ikaonwa na watu wengi kuliko watakaowahi kusikia hukumu yenyewe.

Kesi huweza kuendelea kwa miaka. Mashahidi huja na kwenda, mahakimu huhamishwa, faili hutoka afisi moja hadi nyingine. Siku ya uamuzi inapowadia, mara nyingi hakuna kamera wala mwandishi. Ikiwa mtu huyo ataachiliwa huru, majirani watabaki na ile picha ya siku ya kwanza. Waswahili husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ni methali yenye hekima katika mambo mengi, lakini mahakamani ni ya hatari, kwa kuwa sheria inadai kinyume chake: kwamba lisemwalo juu ya mshtakiwa halipo mpaka lithibitishwe.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo mataifa mengi yamejaribu kulijibu kwa njia tofauti. Je, jina na heshima ya mshtakiwa vifichwe hadi atakapopatikana na hatia, au umma una haki ya kujua kila kinachotendeka mahakamani tangu siku ya kwanza?

KATIBA INASEMAJE?

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inalizungumzia suala hili katika sehemu kadhaa. Kifungu cha 31 kinampa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo haki ya kutofichuliwa bila sababu kwa habari zinazohusu familia yake au mambo yake ya kibinafsi. Kifungu cha 28 kinalinda heshima ya binadamu. Kifungu cha 34 kinalinda uhuru wa vyombo vya habari.

Kuhusu kesi zenyewe, kifungu cha 50 ndicho mhimili. Kinasema kuwa mshtakiwa atachukuliwa kuwa hana hatia hadi itakapothibitishwa vinginevyo. Papo hapo, kinampa haki ya kusikizwa hadharani, mbele ya mahakama iliyoundwa kwa mujibu wa Katiba.

Msomaji na atazame vizuri haki hiyo ya pili ni ya nani. Wengi hudhani kwamba mahakama hufunguliwa milango kwa ajili ya wananchi wanaotaka kusikiliza na magazeti yanayotaka habari. La hasha. Katiba imeiorodhesha miongoni mwa haki za mshtakiwa mwenyewe, pamoja na haki ya kuwa na wakili, haki ya kufahamishwa mashtaka na haki ya kuwahoji mashahidi wa upande wa mashtaka. Isitoshe, kifungu cha 25 kinaitaja haki ya kesi kuendeshwa kwa usawa kuwa mojawapo ya haki chache ambazo haziwezi kupunguzwa na sheria yoyote. Haki ya faragha haimo katika orodha hiyo. Inaweza kuwekewa mipaka, mradi mipaka hiyo iwe ya busara na inayokubalika katika jamii huru.

Kenya pia imefungwa na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, iliouridhia mwaka 1972, ambao nao unaagiza kesi za jinai zisikizwe hadharani isipokuwa kwa sababu maalum.

KWA NINI MILANGO IWE WAZI?

Anayetaka kuelewa kwa nini mlango wa mahakama huachwa wazi kwa faida ya mshtakiwa hana haja ya kwenda mbali. Historia ya taifa hili inatosha.

Kati ya mwaka 1986 na 1988, wakati wa msako dhidi ya kundi la Mwakenya, makumi ya Wakenya walikamatwa wakidaiwa kupanga njama dhidi ya serikali. Miongoni mwao walikuwa wahadhiri, wanafunzi wa vyuo vikuu, wanahabari na wakulima. Wengi walizuiliwa katika vyumba vya chini ya ardhi katika jumba la Nyayo House, jijini Nairobi, walikoteswa kwa kupigwa, kunyimwa chakula na kufungiwa katika vyumba vilivyojazwa maji. Walipokubali kukiri, baadhi yao walifikishwa kortini jioni, baada ya saa za kawaida za kazi, bila wakili na bila familia zao kupewa habari. Walisomewa mashtaka, wakakiri, na wakahukumiwa kifungo muda mfupi baadaye.

Katiba ya zamani nayo, katika kifungu chake cha 77, iliagiza kesi zisikizwe hadharani. Kwa maandishi, kesi hizo hazikuwa za siri, na magazeti yaliripoti hukumu. Kilichokosekana ni macho ya watu ndani ya chumba cha mahakama: mke, mzazi, rafiki au wakili ambaye angeuliza mbona mshtakiwa anachechemea, mbona macho yamevimba, na alikuwa wapi kwa majuma yote hayo. Majina ya watu hao yalitangazwa kote nchini, ilhali namna walivyohukumiwa ilifichwa. Vyumba vile vilifunguliwa kwa umma mwaka 2003, na katika miaka iliyofuata Mahakama Kuu iliamuru serikali iwalipe fidia wengi wa walioteswa humo.

Yaliyotukia wakati huo ni onyo kwa wanaopendekeza kesi zifungiwe ndani ili kumwondolea mshtakiwa aibu. Aibu ni mzigo, lakini kuhukumiwa gizani ni mzigo mzito zaidi. Hakimu anayetazamwa hujichunga. Shahidi anayejua kwamba jirani yake anamsikiliza huogopa kusema uongo. Kiongozi wa mashtaka aliyekuja bila ushahidi huumbuka mbele ya watu.

NI NANI ANAYEFICHWA?

Pamoja na hayo yote, mlango wa mahakama hauachwi wazi bila masharti. Kifungu cha 50(8) cha Katiba kinaruhusu wanahabari na umma kuondolewa mahakamani inapohitajika ili kuwalinda mashahidi au watu walio katika hali ya kudhurika kwa urahisi, kulinda maadili, utulivu wa umma au usalama wa taifa.

Mshtakiwa mtu mzima hakutajwa katika orodha hiyo. Kuona haya, kuharibikiwa na biashara, au kuogopa wakwe watasema nini, si sababu ya kufunga mlango wa mahakama. Wanaolindwa ni wengine.

Wa kwanza ni watoto. Sheria ya Watoto ya mwaka 2001, ambayo mahali pake pamechukuliwa na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, ilipiga marufuku kuchapishwa kwa jina, makao, shule au picha ya mtoto anayehusika katika kesi, awe mlalamishi, shahidi au mshtakiwa. Sababu ni kwamba mtoto aliyekosa akiwa na miaka kumi na mitano anatarajiwa kurekebika, na jina lililochapishwa humfuata hadi uzeeni.

Wa pili ni walalamishi katika makosa ya ngono. Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006, katika kifungu cha 31, inaipa mahakama mamlaka ya kumtangaza shahidi kuwa anayehitaji ulinzi maalum. Shahidi kama huyo anaweza kutoa ushahidi akiwa ndani ya kizimba kilichokingwa, kupitia kwa mtu anayemsemea, au faraghani. Mahakama pia inaweza kuzuia utambulisho wake kuchapishwa.

Hapa kuna jambo ambalo huwatatiza wasomaji wengi. Wakati mwingine gazeti huripoti kuwa mwanamume fulani amefungwa kwa kumnajisi bintiye, lakini halitaji jina lake. Baadhi hulalamika kwamba mhalifu anasitiriwa. Ukweli ni kwamba jina la baba likitajwa, binti atakuwa ametambuliwa na kijiji kizima. Ndiyo maana hata katika hukumu za rufaa zinazochapishwa kwenye mtandao wa Kenya Law, mshtakiwa katika kesi za namna hiyo wakati mwingine hutajwa kwa herufi za mwanzo za majina yake tu. Anayesitiriwa ni mtoto.

Wa tatu ni mashahidi walio hatarini. Wakenya walishuhudia ugumu wa kuwalinda mnamo Septemba 2013, kesi ya William Ruto na Joshua Sang ilipoanza katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) mjini The Hague. Shahidi wa kwanza alitoa ushahidi sura na sauti yake zikiwa zimegeuzwa ili asitambulike. Haukupita muda kabla ya watu kuanza kutaja katika mitandao jina walilodai kuwa lake, hatua iliyomlazimu jaji msimamizi kutoa onyo kali. Tukio hilo lilionyesha kuwa amri ya mahakama ya kuficha jina ina nguvu kidogo ikiwa kila mwenye simu ni mchapishaji.

KABLA YA KUSHTAKIWA

Yaliyosemwa kufikia sasa yanahusu mtu ambaye tayari amefikishwa mahakamani. Kuna mwingine ambaye hali yake ni tofauti: mshukiwa ambaye hajashtakiwa kwa lolote. Huyu hajapewa hati ya mashtaka, hana hakimu wa kumlalamikia wala nafasi ya kukanusha. Akitangazwa kuwa mwizi au muuaji, ametiwa doa bila kufikishwa mahali pa kujitetea.

Lugha yetu inawatenganisha watu hao vizuri. Mshukiwa ni anayeshukiwa, mshtakiwa ni aliyeshtakiwa, na mfungwa ni aliyehukumiwa kifungo. Katika mazungumzo ya kila siku, na wakati mwingine katika taarifa za polisi na vichwa vya habari, maneno hayo huchanganywa na mtu akaitwa 'jambazi' siku aliyokamatwa.

Kwa miaka mingi polisi nchini wamekuwa na mazoea ya kuwapanga washukiwa mbele ya kamera, pengine wakiwa wameketi sakafuni na bidhaa zinazodaiwa kuibwa zikiwa zimetandazwa mbele yao. Siku hizi picha kama hizo hutumwa moja kwa moja katika mitandao ya kijamii, zikiambatana na masimulizi yenye mbwembwe. Katiba inaagiza aliyekamatwa afikishwe mahakamani katika muda wa saa 24, au siku ya kwanza ya kazi inayofuata. Picha haingoji saa hizo. Tena, kisheria uamuzi wa kumshtaki mtu ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, kwa mujibu wa kifungu cha 157 cha Katiba. Afisi yake ikisoma faili na kuona hakuna ushahidi wa kutosha, mshukiwa huenda nyumbani bila kesi. Hakuna mahakama iliyowahi kumtakasa kwa kuwa hakuna iliyowahi kumsikiza.

Kenya yenyewe ina mfano wa uangalifu katika jambo hili. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ilikamilisha ripoti yake Oktoba 2008. Ilikuwa na orodha ya watu iliowashuku kuhusika pakubwa, lakini haikuichapisha. Iliitia katika bahasha iliyofungwa, ambayo alikabidhiwa Kofi Annan, naye akaipeleka kwa kiongozi wa mashtaka wa ICC, Luis Moreno Ocampo, mnamo Julai 2009. Wananchi wengi walikasirika na kudai bahasha ifunguliwe. Hata hivyo, ushahidi uliokusanywa na tume haukuwa umepimwa na mahakama yoyote.

Ocampo aliwatangaza hadharani washukiwa sita mnamo Desemba 15, 2010, alipoomba majaji watoe samni. Mnamo Januari 2012 majaji walithibitisha mashtaka dhidi ya wanne, wakakataa kuyathibitisha dhidi ya Henry Kosgey na Mohammed Hussein Ali. Mashtaka dhidi ya Francis Muthaura na Uhuru Kenyatta yaliondolewa mwaka 2013 na 2014. Kesi ya Ruto na Sang ilikatizwa Aprili 2016, majaji wakieleza kwamba uamuzi huo haukuzuia mashtaka mapya siku za usoni. Kila mwananchi aliyetaka kujua sababu za kila hatua aliweza kuzisoma, kwa kuwa zilitolewa hadharani. Iwe alikubaliana nazo au la, hakulazimika kubahatisha.

WENZETU WAMEFANYAJE?

Uingereza, ambako sheria zetu nyingi za jinai zina asili yake, ilijaribu kuficha majina ya washtakiwa na ikarudi nyuma. Mwaka 1976 Bunge lake lilipitisha sheria iliyowapa walalamishi katika kesi za ubakaji haki ya kutotajwa majina. Katika kutafuta usawa, Bunge liliwapa washtakiwa kinga hiyo hiyo hadi wapatikane na hatia. Kinga ya mlalamishi imedumu. Ile ya mshtakiwa ilifutwa mwaka 1988.

Waliopinga walikuwa na hoja mbili kuu. Ya kwanza: iwapo anayeshtakiwa kwa ubakaji anafichwa jina, mbona anayeshtakiwa kwa mauaji au wizi asifichwe? Ya pili ilikuwa ya kiutendaji. Jina la mshtakiwa linapotajwa, waathiriwa wengine ambao walidhani wako peke yao hujitokeza, na mashahidi wenye habari za kumtetea mshtakiwa nao hujitokeza. Mwaka 2010 serikali mpya ya muungano ilitangaza nia ya kuirejesha kinga hiyo, ikaliacha wazo hilo mwaka huo huo. Ireland, kwa upande wake, imeendelea kuwaficha majina wanaoshtakiwa kwa ubakaji hadi wapatikane na hatia.

Badala ya kuficha jina baada ya mashtaka, Uingereza imeelekea kulinda kipindi cha kabla ya mashtaka. Sheria ya Elimu ya mwaka 2011 ilizuia mwalimu anayelaumiwa na mwanafunzi wa shule yake kutajwa jina kabla ya kushtakiwa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya huko iliamuru shirika la BBC limlipe mwanamuziki Cliff Richard pauni 210,000 kwa kutangaza, kwa picha zilizopigwa kutoka helikopta, upekuzi wa polisi nyumbani kwake mwaka 2014. Hakuwahi kukamatwa wala kushtakiwa. Mnamo Februari 2022 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kuwa kwa kawaida mtu anayechunguzwa na ambaye hajashtakiwa ana haki ya kutarajia habari za uchunguzi huo zisitangazwe.

Ujerumani ina mazoea tofauti. Kesi husikizwa mbele ya umma, na yeyote anaweza kuingia na kuketi. Lakini kurekodi kesi inaposikizwa kwa ajili ya runinga kumepigwa marufuku, na magazeti kwa kawaida humtaja mshtakiwa ambaye si mtu mashuhuri kwa jina lake la kwanza na herufi moja ya jina la ukoo. Mwaka 1973 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ilizuia kituo cha runinga kuonyesha filamu iliyomtaja mtu aliyekuwa karibu kutoka gerezani, ikisema kuwa kadiri muda unavyopita ndivyo haki yake ya kuanza maisha upya inavyopata uzito.

DOA LISILOFUTIKA

Zamani gazeti lililobeba habari za mtu kushtakiwa lilifungiwa sukari au nyama baada ya siku mbili. Leo habari hiyo hukaa katika mtandao miaka nenda miaka rudi. Mwajiri anapotaka kumjua mwombaji kazi, huandika jina lake kwenye Google. Linalojitokeza ni siku ya mashtaka.

Tuseme mtunza bohari katika kampuni fulani ameshtakiwa kwa wizi wa mifuko ya mbolea. Habari zinachapishwa. Miaka mitatu baadaye hakimu anaamua kuwa hana kesi ya kujibu, kwa kuwa mbolea ilipotea akiwa likizoni. Hakuna aliyeandika uongo katika kisa hiki. Kweli alishtakiwa, na Sheria ya Kashfa inailinda ripoti sahihi na yenye haki kuhusu mambo yaliyosemwa mahakamani. Kasoro ni kwamba habari imekatwa katikati, na nusu iliyobaki mtandaoni ndiyo inayomnyima kazi.

Barani Ulaya, mahakama ya juu ya Muungano wa Ulaya iliamua mwaka 2014 kuwa mtu anaweza kuitaka mitambo ya utafutaji iondoe viungo vya habari zilizopitwa na wakati zinazojitokeza jina lake linapotafutwa. Mwaka 2019 mahakama hiyo iliongeza jambo linalohusu kesi za jinai moja kwa moja: hata pale ambapo kiungo hakiondolewi, mtambo unapoombwa unapaswa kupanga matokeo yake ili yaonyeshe hali ya kesi ilivyo sasa, habari za hatua ya mwisho zikitangulia.

Hapa Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kuomba habari zake zisizo sahihi, zilizopitwa na wakati, zisizokamilika au zinazopotosha zirekebishwe. Ingawa sheria hiyo imewaachia wanahabari nafasi ya kufanya kazi yao, Katiba yenyewe katika kifungu cha 35(2) inampa kila mtu haki ya kurekebishiwa au kufutiwa habari za uongo au za kupotosha zinazomwathiri. Habari inayosema fulani alishtakiwa, bila kusema kwamba aliachiliwa, haina uongo ndani yake. Je, haipotoshi?

NJIA YA KATI

Kutokana na mifano hiyo, mizani inaweza kusawazishwa bila kufunga mlango wa mahakama. Kabla ya mashtaka, faragha iwe na uzito zaidi. Polisi wachunguze, wakamate inapobidi, na waache kuwaonyesha washukiwa mbele ya kamera, ila pale ambapo mtu hatari ametoroka na umma unahitaji kutahadharishwa. Baada ya mashtaka kuwasilishwa, uwazi utangulie, pamoja na kinga za watoto, walalamishi na mashahidi zilizokwisha kuwekwa. Na kesi inapomalizika, chombo kilichotangaza mwanzo wake kitangaze na mwisho wake, na kiuambatanishe mwisho huo na habari ya awali iliyo katika mtandao.

Sharti hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa zaidi, na ndilo lenye gharama ndogo zaidi. Halihitaji sheria mpya kutoka Bungeni. Linahitaji mhariri aliye tayari kuongeza sentensi moja juu ya habari ya zamani.

Msomaji aliyepatwa na mkasa huu anafaa kujua kwamba kuna aina kadhaa za kuachiliwa. Chini ya kifungu cha 210 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai, mahakama imeona kuwa upande wa mashtaka haukuthibitisha kesi ya kujibu. Chini ya kifungu cha 215, mshtakiwa amejitetea na mahakama imeamua hana hatia. Lakini chini ya kifungu cha 87(a), mashtaka yameondolewa tu kabla ya utetezi, na anaweza kushtakiwa upya kwa mambo hayo hayo. Ni muhimu kuomba nakala ya uamuzi iliyothibitishwa na mahakama, na kuangalia ni kifungu kipi kilichotajwa. Nakala hiyo ndiyo ya kumpelekea mwajiri mwenye shaka. Ndiyo pia ya kumpelekea mhariri, kwa barua ya adabu inayotaja tarehe ya habari ya kwanza na kuomba matokeo yaongezwe. Mhariri asiposikia, malalamishi yanaweza kuwasilishwa kwa Baraza la Vyombo vya Habari nchini.

Mzazi ambaye mtoto wake ameshtakiwa au ataitwa kutoa ushahidi naye asingoje picha ichapishwe. Amwombe wakili, au amwambie hakimu mwenyewe siku ya kwanza, kwamba mhusika ni mtoto na utambulisho wake ulindwe. Maji yakimwagika hayazoleki.

Na wasomaji wa magazeti, ambao ndio wengi, wana sehemu yao. Wanapokutana na maneno 'anadaiwa', 'alikanusha' na 'kesi itatajwa', wayachukue jinsi yalivyo. Mahakama imeachwa wazi ili raia waone iwapo haki inatendeka, na anayefuatilia kesi siku ya kwanza pekee hajaona bado.